Baiskeli Kando ya Gari la Padri

Mguu wangu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia. Ulikonda baada ya homa niliyougua kabla sijaanza shule, na tangu wakati huo unanifuata ukichelewa kidogo, kama mtu aliyelazimishwa safari. Nyumbani kwetu Kaagya jambo hilo halikuwa na uzito. Kibanja chetu kilikuwa tambarare, migomba na mibuni ilianzia mlangoni, na shule ya misheni ilikuwa ng'ambo ya kijito. Nilipochaguliwa kwenda kusomea ualimu ndipo nilipojua kwamba mimi ni kiwete, kwa sababu chuo kilikuwa kilimani.

Kilikuwa chuo cha mapadri, nje kidogo ya mji wa Bukoba, siku zile Waingereza bado wanatawala Tanganyika. Mabweni yalikuwa chini, karibu na lango. Juu yake lilikuwa bwalo la chakula, juu ya bwalo kanisa, juu ya kanisa madarasa, na kileleni ofisi ya mkuu wa chuo. Shule ya mazoezi, ambako tulijifunza kufundisha kwa kufundisha watoto wa jirani, ilikuwa upande wa pili wa kilima. Njia ilikuwa moja. Ilinyooka kutoka langoni hadi ofisini bila kona hata moja, ikiwa na mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Kukanyaga majani nje ya mawe hayo ilikuwa marufuku.

Nilifika na baiskeli. Ilikuwa ya baba yangu, nyeusi, nzito, iliyozoea magunia ya kahawa. Nilipopata nafasi ya chuo aliniachia. "Wewe utaihitaji kuliko kahawa," alisema, akaenda zake kufyeka majani. Nikiwa njiani kwenda chuoni nilipita Kashai kwa fundi baiskeli, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Aliutazama mguu wangu, akafunga mkanda wa ngozi kwenye pedeli ya kulia ili mguu mzima uweze kusukuma na kuvuta pia. Ule mwingine niliuegemeza kwenye fremu. Kwa mkanda ule nilikwenda popote penye njia, na kwenye mlima wa wastani sikuachwa na mtu.

Langoni mlinzi alinisimamisha. "Baiskeli inakaa hapa," alisema, akanionyesha banda la mabati ambamo nyingine zilikuwa zimeegemezwa. "Utaichukua Jumamosi ukienda mjini."

"Na huku juu?"

"Huku juu ni miguu, mwanangu."

Sheria ile haikutungwa kwa ubaya. Bukoba mvua hainyeshi kwa utani, na magurudumu yakichora mstari kwenye njia ya mlima, maji huufuata mstari huo, na baada ya msimu mmoja una korongo. Mkuu wa chuo, padri wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, aliipenda njia ile kuliko alivyoyapenda majengo. Kitu pekee chenye magurudumu kilichoruhusiwa kileleni kilikuwa gari lake, dogo na la kijivu, ambalo lilipitia barabara ya nyuma na kusimama kwenye uwanja wa ofisi, ndani ya duara lake la mawe meupe. Siku hizi wangesema ni maegesho. Sisi tulipaita tu "kwa gari."

Asubuhi ya kwanza kengele ya misa ilipolia, wanafunzi walimwagika kutoka mabwenini wakaanza kukwea kwa mwendo wa askari. Niliachwa mara moja. Nilikuwa nimefika usawa wa bwalo, nimesimama nikitafuta pumzi, nilipomwona mmoja wao akigeuka na kushuka kunifuata. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyepiga kasia.

"Kilima hiki kinanitesa," aliniambia. "Twende polepole pamoja."

Alikuwa anadanganya. Wiki hiyohiyo nilimwona akikipanda kwa mbio, na kopo la maji mkononi. Lakini asubuhi ile nilimwamini, na nilipokuja kujua ukweli tulikuwa tumeshazoeana, na sikuona sababu ya kuuliza.

Alitoka Goziba, kisiwa cha wavuvi kilicho mbali ndani ya ziwa, upande wa Muleba. Baba yake alivua huko. Yeye aliletwa bara akiwa mdogo, akakaa kwa shangazi yake Muleba ili asome, na kila likizo alirudi kisiwani kwa mtumbwi. Kuanzia siku ile tulipanda pamoja kila asubuhi. Alinibebea vitabu vyangu bila kuomba ruhusa, na njiani alinisimulia hadithi. Alikuwa na moja ndefu kuliko zote, ya mjomba wake aliyeoa visiwa viwili tofauti, mke huku na mke kule, na kila mmoja akiamini yuko peke yake. Alinipa kipande kwa siku. Tukifika mlango wa kanisa alinyamaza, hata kama mjomba ameshika kasia hewani, na kesho yake aliendelea palepale.

Tulichelewa karibu kila siku. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kupaka mawe chokaa, kwa hiyo mawe ya chuo kile hayakuwahi kuwa meupe kama mwaka ule. Uji tuliupata umepoa. Mimi nilistahili, kwa maana ya mguu. Yeye alichelewa kwa hiari yake, na kila tulipoitwa alichukua brashi na kuinama kama mtu anayekwenda kazini.

Hali hiyo ingeendelea hadi mwisho kama si siku moja ya mvua. Nilikuwa nimepangiwa somo la hesabu katika shule ya mazoezi, na mwenzangu alikuwa na zamu ya jikoni, kwa hiyo niliondoka peke yangu na ubao mdogo wa kuhesabia kwapani. Kwenye mteremko wa upande wa pili niliteleza. Ubao ulivunjika, chaki zikageuka uji ndani ya mfuko, na nilipojikokota hadi mlangoni kipindi kilikuwa kinakaribia kwisha. Watoto walikuwa wamekaa kimya kabisa. Nyuma yao, kwenye dawati dogo lisilomtosha, alikaa Padri, mkuu wa chuo. Alikuwa amekuja kunitazama nikifundisha.

Hakufoka. Alinitaka nikae, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Siku zote unachelewa hivi?"

"Ndiyo, Padri."

"Nyumbani ulikuwa unaendaje mbali?"

"Kwa baiskeli."

Aliutazama mguu wangu. "Unaweza?"

"Baiskeli yangu iko langoni, Padri. Iko hapo tangu nilipokuja."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba jambo hilo ni la kuambiwa mkuu wa chuo. Mchana ule aliagiza baiskeli iletwe juu, akasimama kwenye baraza ya ofisi na karani wake, akaniambia nizunguke uwanja. Nilifunga mguu wangu kwenye mkanda, nikazunguka gari lake mara kadhaa. Karani alipiga makofi, halafu akaacha alipoona hakuna mwenzake.

"Utapita pembeni kabisa ya njia, kwenye majani," alisema Padri. "Mvua ikinyesha hupandi. Na ukifika hapa utaiweka ukutani, kando ya gari langu. Usiiweke pengine. Nikiikuta pengine, imerudi langoni."

Hivyo ndivyo nilivyopata mahali pangu kileleni, chini ya paa la ofisi, hatua chache kutoka gari la Padri. Pale penye mlima mkali nilishuka na kusukuma, kwingine nilipanda. Kwa mara ya kwanza nilikunywa uji ukiwa moto. Nilianza kufika darasani kabla ya wengine, nikakaa kwenye dawati langu nikitazama ubao mtupu. Wenzangu walinitania kwa kuniita padri mdogo, wakaniomba niwapelekee salamu za gari. Utani huo haukuniumiza. Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa na mtu wa kuzungumza naye hadi kengele ya pili.

Rafiki yangu naye sasa alipanda na kundi. Hapakuwa na ugomvi. Aliniambia, "Umepona, bwana," akacheka, akanirudishia vitabu vyangu nivifunge kwenye keria. Hadithi ya mjomba ilikatikia pabaya: wale wake wawili walikuwa wamepanda mtumbwi mmoja kwenda sokoni, wamekaa ubavu kwa ubavu, hawajajuana.

Wiki chache baadaye nilitoka darasani jioni nikakuta ukuta uko mtupu. Gari lilikuwepo, baiskeli haikuwepo. Nilifikiri Padri ameiondoa, lakini sikukumbuka kosa langu. Nilikuwa bado nimesimama pale rafiki yangu alipotokea.

"Kuna nini?"

"Baiskeli haipo."

"Labda wamekufanyia mzaha. Tushuke tukaitafute."

Tulishuka taratibu, yeye akiwa amebeba vitabu vyangu. Njiani aliniambia kwamba mmoja wa wale wanawake mtumbwini alimwomba mwenzake amshikie mtoto. Baiskeli tuliikuta langoni ndani ya banda, nzima, imeegemezwa vizuri. Mlinzi alisema hakuona kitu.

Baada ya siku kadhaa ilipotea tena, tukaikuta nyuma ya bwalo. Siku hiyo mwanamke wa mtumbwini aliyeshika mtoto alikuwa ameanza kuona kwamba masikio ya mtoto yule anayafahamu. Mara ya tatu ilikuwa katika shamba la migomba la chuo. Mara hiyo niliona kitu. Rafiki yangu hakutazama kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mgomba wenyewe, huku akiongea, kama mtu anayekwenda kuchukua jembe lake alikoliacha.

Sikusema neno. Nilitaka kujua habari ya masikio.

Nilimwuliza siku iliyofuata, tumekaa kwenye kingo ya uwanja wa kuanikia kahawa.

"Unaihamisha wewe."

Alitazama ziwa. "Siiharibu," alisema.

"Najua. Huwa unaikokota hadi chini, au unaipanda?"

"Naikokota."

"Yote hiyo? Hadi langoni? Si ungeipanda ukafika mara moja."

Nilipomtazama niliona kwamba swali hilo limemwaibisha kuliko lile la kwanza.

"Sijui kupanda," alisema hatimaye. "Ningejifunzia wapi? Goziba hakuna baiskeli. Ungekwenda nayo wapi, ndani ya maji? Na kwa shangazi ilikuwepo moja ya mumewe, hata kuifuta vumbi hakuturuhusu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu mzima aseme hajui baiskeli?" Akachuma jani akalikunjakunja. "Na zaidi ya hapo, tangu uipate hiyo baiskeli hatuzungumzi. Hadithi yangu imeoza mdomoni. Niliona kwamba ikishuka chini, wewe utashuka kwa miguu, na mimi nitakuwa na nafasi."

Nilicheka, naye akacheka, lakini alikuwa ameniambia jambo la kweli, na wote wawili tulilijua. Nilimwambia nitamfundisha.

Kumfundisha mtu baiskeli kuna desturi yake. Mwalimu hushika kiti nyuma na kukimbia pamoja naye hadi atakapopata mizani. Mimi kukimbia siwezi. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kwenye barabara ya changarawe nje ya lango, penye mteremko mdogo. Nilisimama katikati ya barabara, nikamsukuma kwa mkono mmoja, nikampigia kelele: "Tazama mbele! Usitazame gurudumu!" Alianguka upande wa kulia, akaanguka upande wa kushoto, akaanguka mtaroni juu ya miguu yake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakirudi sokoni na vikapu vitupu walitua vikapu vyao wakatazama. Mmoja alimwambia kwa Kihaya, "Pole waitu, ndugu yetu, punda huyo hajakuzoea." Aliinuka, akafuta damu kwenye kiwiko, akasalimia kwa heshima zote, akapanda tena. Kabla ya likizo alikuwa anakwenda. Kupinda aliweza. Kusimama ndiko kulikomshinda. Breki alizisahau kila alipozihitaji, akateremsha miguu yake mirefu na kuburuza soli chini.

Muhula uliofuata, Jumamosi moja mchana, tulikuwa juu kileleni. Mimi nilikuwa darasani nikipanga picha za somo la Jumatatu. Yeye aliniambia, "Naishusha langoni, nakungoja huko," nikamwitikia bila kuinua kichwa. Nilidhani ataikokota hadi nje ya lango kama kawaida yetu. Lakini uwanja wa ofisi ulikuwa mtupu na mpana, na nadhani ulimtamanisha. Nilisikia kengele ya baiskeli ikilia, halafu sauti ya soli zikiburuzwa, halafu kioo.

Nilipotoka nilimkuta amekaa chini mbele ya gari la Padri. Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa kati ya mawe meupe, na taa moja ya gari ilikuwa imebaki tundu. Kwenye baraza Padri alikuwa amesimama na kitabu chake cha sala, kidole bado kimeshikilia ukurasa.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana, Padri."

"Nani alikuruhusu kupanda hapa?"

"Hakuna aliyeniruhusu."

Padri akanigeukia mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika, nahema.

"Ruhusa niliutolea mguu wako," alisema. "Sikuitoa kwa miguu yake."

"Kosa ni langu peke yangu, Padri," alisema rafiki yangu, bado amekaa chini. "Yeye alikuwa ndani."

"Naona. Lakini nikiiacha baiskeli hii hapa, kesho nitakuwa na kumi." Alifunga kitabu. "Inarudi langoni hadi muhula uishe. Na wewe utachimba mtaro wa maji kando ya njia, kuanzia hapa hadi bwaloni. Kila jioni, baada ya masomo."

Nilirudi kutembea. Nilitegemea kuona uchungu, na asubuhi ya kwanza niliuona kweli, nilipofika usawa wa bwalo na pumzi zikaniishia mahali palepale. Rafiki yangu aliteseka zaidi yangu. Siku nzima ya kwanza hakunitazama. Siku ya pili nilimwambia, "Sasa hao wanawake walifika sokoni au hawakufika?" Akashusha pumzi, akaniambia walifika, na kwamba kufikia jioni walikuwa wameshakubaliana bei ya mjomba.

Jioni alichimba. Nilikwenda kukaa karibu naye na vitabu vyangu, na ndipo nilipoona kwamba mtaro haufuati njia. Ulianza chini bwaloni, kando ya njia kama alivyoamriwa, kisha ukaiacha, ukakata mlima kwa mshazari kuelekea kanisani, ukageuka, ukarudi kwa mshazari upande wa pili.

"Umekosea," nilimwambia.

"Sijakosea. Maji yakishuka moja kwa moja yanachimba. Yakizungushwa yanatembea." Alichota udongo akautupa upande wa chini wa mtaro, akaukanyaga kwa miguu yake. "Na huu udongo lazima niuweke mahali."

Udongo aliouweka mahali ulikuwa unafanya ukingo bapa, wenye upana wa mtu na mzigo wake, uliopanda mlima kwa utaratibu bila kumkata mtu pumzi. Nilitembea juu yake hadi kanisani. Nilifika nikiwa naweza kuzungumza.

Padri aligundua baada ya wiki kama mbili. Tulimwona akishuka kutoka ofisini, kofia mkononi. Rafiki yangu aliegemea jembe akasubiri. Alikuwa amekanyaga majani yaliyokatazwa, amekata kilima vipande vipande, na hakuwa ameagizwa lolote kati ya hayo. Padri aliufuata ukingo mpaka mwisho, akageuka, akaurudia. Kisha akavaa kofia, akaenda zake. Usiku ule rafiki yangu hakula.

Kesho yake jioni darasa letu zima liliamriwa kuchukua majembe. Karani wa ofisi alikuja na kamba na vijiti, akasema Padri anataka njia ile ifike hadi langoni chini, na iwe na upana wa kupishana watu wawili. Tulichimba hadi masika yalipoanza. Mvua zilipokuja, njia ya zamani ilichimbika kama kila mwaka, na ile mpya ikakaa. Muhula mwingine ulipofunguliwa, baiskeli yangu ilirudishwa mahali pake. Miezi haikupita mingi Padri akatangaza bwaloni kwamba kila mwenye baiskeli anaweza kupanda nayo kwa njia ya mshazari, mradi ashuke akikutana na mtembea kwa miguu. Nguzo za kuegemezea zikapigwa ukutani mwa ofisi. Zilijaa haraka, hata karani akawa anatupiwa lawama kila gari liliposhindwa kugeuka. Taa ya gari ilibadilishwa kwa nyingine iliyotoka mjini, ya rangi ya manjano kidogo, haikufanana na mwenzake.

Mimi na rafiki yangu tulikwenda kwa baiskeli siku za haraka na kwa miguu siku nyingine. Mjomba wa visiwa viwili alimalizika, wakafuata jamaa wengine, kwa sababu ukoo ule ulikuwa na watu wengi wasiotulia.

Tulipomaliza chuo yeye alipangiwa shule moja ya Muleba, mimi nikapangiwa karibu na kwetu. Siku ya kuondoka lori lilikuja langoni asubuhi kuchukua wa kusini. Alipandisha sanduku lake, akaruka juu, akakaa kwenye gunia.

"Ukija Muleba utaniulizia vipi?" alinipigia kelele, maana injini ilikuwa imewaka.

"Nitauliza yule aliyevunja taa ya Padri!"

"Huko hawajui!"

"Watakuwa wamejua kufikia siku hiyo!"

Alitikisa kichwa akicheka, akasema kitu kingine ambacho sikukisikia. Lori likaondoka. Nilifunga mzigo wangu kwenye keria, nikamuaga mlinzi, nikashika njia ya Kaagya. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha barabara, na mara nyingi nilishuka kusukuma. Nilifika nyumbani saa nane ya mchana imeshapita. Baba alikuwa kwenye mibuni, kikapu kimemning'inia kiunoni. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, akamwita mama.